Jumatano ya Njano

Kule dukani walimwita Nusu Bei, na yeye mwenyewe aliitikia. Jina lake la nyumbani lilikuwa limebaki kwa dada yake na kwa marehemu mumewe, na marehemu ndiyo hivyo tena. Ukikutana naye njiani ungesema ni mama wa kawaida tu, mfupi, mkoba mkubwa begani, viatu vya kuingiza mguu bila kuinama. Lakini mwingize kwenye duka la vitu vya mkono wa pili uone mambo. Macho yanatangulia, miguu inafuata, na mkono umeshafika kwenye kitu kabla kichwa hakijaulizwa maoni.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Shuka, shuka, shuka, mapazia ya wodini, halafu shuka tena. Jumatano ndiyo siku yake ya mapumziko, na aliipigania hiyo Jumatano kwa meno na kucha, maana wenzake wote walitaka Jumamosi na hawakuelewa mtu mzima mwenye akili zake anataka Jumatano ya nini.

Alitaka Jumatano kwa sababu ya lebo.

Tulieni niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa kitu. Nyuma ya posta kulikuwa na ghala la zamani lililogeuzwa duka la hisani. Watu wenye uwezo walipeleka vitu walivyovichoka, nguo, vyombo, viti, vitabu, taa, na chama kilichoendesha duka kiliuza kwa bei nafuu, faida ikaenda zahanati ya watoto. Kila kitu kilifungwa lebo yenye rangi: nyekundu, njano, kijani au bluu. Kila Jumatano asubuhi wanabandika mlangoni karatasi kubwa yenye rangi moja, na kila kitu chenye lebo ya rangi hiyo kinashuka nusu bei kwa wiki nzima. Rangi zinakwenda kwa zamu. Mtu anayejua zamu anajua lini kitu chake kitashuka.

Na wateja wa kudumu walijua. Walikuwa na mchezo wao waliouita kuzika. Ukiona kitu unakitaka na rangi yake bado, hukinunui, unakizika. Blauzi unaitundika katikati ya makoti ya wanaume. Sahani unaiweka chini ya rundo la sufuria. Halafu unaondoka huku unapiga miluzi kama huna habari, unasubiri Jumatano ya rangi yako, unakuja kufukua. Wenye duka walilijua hilo wakajifanya hamnazo, maana mzikaji ni mteja ambaye lazima atarudi.

Nusu Bei alikuwa bingwa wa kuzika. Fundi Saa, mzee aliyekuwa rafiki wa marehemu mumewe na ambaye alikuja kutafuta redio mbovu za kufungua, alisema yule mwanamke angeweza kuzika kabati la milango miwili na wewe usilione.

Sasa msidhani alikuwa mchoyo. Mchoyo anapenda pesa, na huyu pesa hakuipenda wala hakuichukia. Mumewe alikufa ghafla akiwa ameketi kitandani anavaa soksi, moja mguuni, nyingine mkononi. Watu walikuja, wakalia, wakaondoka. Yeye hakulia. Wakasema, huyu mama ni jasiri. Jasiri wapi! Alikuwa amekufa ganzi, basi. Chai haikuwa na ladha hata aongeze sukari. Redio ilisema yake, yeye hasikii. Mvua ikinyesha aliona tu kwamba nguo zinalowa. Hata mkono ulipogusa pasi ya moto kazini, aliutazama kwanza kabla ya kuuondoa.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamfikia. Pale anaposimama mbele ya kaunta, dada wa kaunta anaiangalia lebo, anaiangalia karatasi ya mlangoni, halafu anachukua kalamu na kuikata ile bei na kuandika nusu yake. Hapo kitu kifuani mwake kilikuwa kinainuka kidogo na kukaa kitako. Kinadumu mpaka afike nyumbani. Wakati mwingine hakifiki hata nyumbani. Lakini kilikuwa kinakuja, na kwa mtu ambaye hakuna kingine kinachokuja, hiyo si haba.

Ndiyo maana nyumba yake ilikuwa na taa tatu zisizo na balbu, koti la mtoto na hakuna mtoto, na machujio ya chai ya kufungulia hoteli.

“Umeleta takataka gani leo?” dada yake alikuwa akiuliza kutoka kitandani.

“Si takataka. Ni chujio.”

“Jingine?”

“Hili lilikuwa la bure kabisa, Dada. Bei ya kutupa.”

“La bure ni lile lililobaki dukani, mdogo wangu.”

Dada yake alikuwa amekuja kuishi naye baada ya kupata kiharusi. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto viligoma, ila mdomo, jamani, mdomo haukupata hata mafua. Alikuwa mwalimu mkuu maisha yake yote ya kazi, mwanamke wa kusimama mbele ya watoto mia tano na kunyamazisha wote kwa kukohoa. Sasa alikuwa anashikwa mkono kwenda msalani. Alilikubali hilo ndani ya nyumba, kwa mdogo wake tu, mlango umefungwa. Nje hakutoka. Tangu aletwe hakuwa amevuka kizingiti.

Alikuwa na mtoto mmoja, kijana wa kiume, fundi umeme. Huyo ndiye aliyekuja kubadilisha mambo, kwa simu, Jumapili mchana. Amepata kazi nje ya nchi, mkataba wa miaka mitatu, hakuna likizo katikati. Kampuni inawachukua kwa basi kutoka mji aliko, na basi litapita hapa Jumatano, litasimama kituoni saa sita mchana kuchukua wenzao wengine, nusu saa tu, kisha moja kwa moja uwanja wa ndege. Hati zote za safari anazo msimamizi wao na hakuna ruhusa ya mtu kutoka nje ya kituo.

“Mama atafika kituoni?” kijana aliuliza. “Mama mdogo, nakuomba. Sijui nitakuta nini nikirudi.”

Dada mtu alikuwa anasikiliza, maana simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu. Akasema, “Nitafika. Lakini sibebwi. Sikieni wote wawili. Sibebwi mgongoni kama gunia la viazi, watu wanatazama, halafu mwanangu apande basi na hiyo picha kichwani miaka mitatu. Nitakuwa nimeketi, kichwa juu. Nitafutieni kiti cha magurudumu.”

Jioni ileile kijana akatuma pesa ya kiti. Kuanzia hapo kila mtu alijua kazi yake. Dereva wa teksi, jirani yao, aliambiwa aje Jumatano saa tano. Gari haliruhusiwi kuingia ndani ya kituo, na kutoka getini mpaka mabasi yalipo ni mbali, kwa hiyo kiti ndicho kila kitu. Kazi ya Nusu Bei ilikuwa moja tu, kiti.

Na Mungu si mchoyo, maana Jumatatu, alipopita dukani akitoka kazini, alikikuta. Kilikuwa kimesimama katikati ya meza za kahawa, kimekunjwa, kama kimetoka kiwandani. Akakikunjua. Magurudumu mazima, breki zinashika, kitambaa cha mgongo hakina hata alama. Akakikalia, akazunguka nacho kidogo kati ya makabati, watu wakacheka. Akatafuta bei. Pesa ya kijana ilitosha, na chenji ingebaki.

Halafu akaona lebo. Njano.

Wiki iliyokuwa inakwisha ilikuwa ya nyekundu, ingawa Jumatano yake yeye hakufika dukani, alibaki nyumbani kwa sababu dada yake alikuwa na homa. Baada ya nyekundu ni njano. Jumatano hii, keshokutwa, ni Jumatano ya njano. Duka linafunguliwa saa tatu asubuhi, dereva anakuja saa tano, basi saa sita. Akapiga hesabu huku amekaa kwenye kiti chenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu sijui lini akasikia kitu kifuani kinaanza kujiinua kabla hata ya kaunta. Kiti kizima, nusu bei! Hata yeye, bingwa, hakuwahi kuangukiwa na kitu kama hicho.

Mimi ningekuwepo ningemshika mkono. Lakini sikuwepo, na aliyekuwepo alikuwa Fundi Saa, aliyekuwa amepiga magoti mbele ya boksi la redio.

“Shemeji, hicho si ndicho mlichokuwa mnakitafuta?”

“Ndicho.”

“Basi peleka kaunta, unangoja nini?”

“Jumatano ni njano,” akasema, kama mtu anayesema Jumatano ni sikukuu.

Akakikunja kiti, akakiburura mpaka kona ya nyuma kabisa, kwenye mazulia yaliyoviringishwa ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza bei. Akakiegemeza ukutani, akasimamisha mazulia mbele yake, na juu akatupia pazia la kahawia. Akarudi nyuma hatua kadhaa kukagua. Hakionekani. Akaenda nyumbani.

“Vipi?” dada yake akauliza.

“Kipo. Kizuri sana. Jumatano asubuhi kitakuwa hapa.”

“Kwa nini si leo?”

“Kuna utaratibu wao pale,” akajibu, na ilikuwa kweli, utaratibu ulikuwepo.

Jumatano ikafika. Dada mtu aliamka mapema kuliko ndege, akataka kuogeshwa, kuvalishwa gauni lake la bluu la mikutano ya wazazi, na viatu, vyote viwili, hata cha mguu usiohisi kitu. Akajipaka poda usoni kwa mkono mmoja, kioo kimeegemezwa kwenye birika. Alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa ya kelele. Alikuwa anatoa amri.

“Usichelewe, wewe.”

“Naenda na kurudi, Dada.”

Saa tatu kasoro Nusu Bei alikuwa mlangoni mwa ghala. Pazia la chuma likapandishwa, dada wa kaunta akatoka na karatasi yake na gundi, akaibandika.

Nyekundu.

Nusu Bei akaiangalia. Akaiangalia tena. Akadhani yule binti amechukua karatasi ya wiki iliyopita.

“Binti, umekosea. Leo njano.”

“Leo nyekundu, mama.”

“Nyekundu ilikuwa wiki iliyopita!”

“Wiki iliyopita bomba lilipasuka, mama. Tulifunga Jumatano mpaka Jumamosi, maji mpaka hapa.” Akaonyesha kifundo cha mguu. “Watu hawakuipata nyekundu yao. Kwa hiyo msimamizi amesema nyekundu irudiwe. Njano wiki ijayo.”

“Sasa zamu ya watu inakufa kwa sababu ya bomba?”

“Haijafa, mama. Imesogea.”

Nusu Bei akapita ndani kama upepo. Akaenda kwenye mazulia, akafukua, akakuta kiti chake salama salimini. Kilikuwa hakijaguswa, maana kazi ya kuzika alikuwa ameifanya vizuri mno. Akakisukuma mpaka kaunta, lebo ya njano inaning'inia.

“Nipunguzie hiki.”

“Mama, rangi yake siyo.”

“Mimi nilikuja hapa Jumatatu nikijua leo ni njano.”

“Mimi siruhusiwi kukata bei. Anayeruhusiwa ni msimamizi.”

“Yuko wapi?”

“Amekwenda na gari kuchukua vitu kwa watu. Anarudi sasa hivi.”

Sasa hivi. Wote tunalijua hilo neno. Nusu Bei akakaa kwenye kile kiti kumsubiri.

Na hapa ndipo mtaniuliza, kwa nini asilipe? Pesa anayo. Iko kwenye mkoba, kwenye mfuko wa ndani, imekunjwa vilevile alivyoitoa kwa wakala. Tena si yake, ni ya mtoto wa dada yake, na imetumwa kwa kazi hiyohiyo. Alifungua zipu ya mkoba, akaigusa ile pesa, akafunga zipu. Baada ya muda akafanya vilevile. Hakuwa amekasirika wala hakuwa na wasiwasi. Aliona tu kwamba akilipa yote, yule binti hatachukua kalamu. Ataipokea pesa na kusema asante, mama, na kile kitu kifuani, ambacho kilikuwa kimejiinua tangu Jumatatu kikimngoja, kitalala chini, na yeye atarudi nyumbani akiwa hivyohivyo alivyo kila siku. Mkono haukutaka. Aliutazama mkono wake kama unavyotazama mkono wa mtu mwingine.

Fundi Saa akaingia, akamkuta.

“Shemeji! Bado uko hapa? Si leo ndiyo safari ya kijana?”

“Namsubiri msimamizi.”

Akaelezwa habari ya bomba na nyekundu. Akakuna kichwa.

“Kama ni hela, shemeji, nikuongezee. Utanirudishia ukipata.”

“Hela ninazo.”

“Basi lipa uende!”

“Si habari ya hela.”

“Ni habari ya nini?”

Akafungua zipu ya mkoba, akaifunga tena. Akasema, “Anarudi sasa hivi.” Mzee akabaki amesimama na redio yake kwapani, anamwangalia, halafu akaenda zake kwenye kona ya vyombo, maana kuna mambo mtu hujui uyashike wapi.

Simu ikalia. Dereva.

“Mama, nimefika hapa kwenu. Bi Mkubwa yuko tayari, anapendeza kweli. Kiti vipi?”

“Ninacho. Nakuja.”

Akakata. Na kweli alikuwa nacho, alikuwa amekikalia.

Akasubiri. Watu wakaingia, wakaokota nyekundu zao, wakapita kaunta wakicheka. Mwanamke mmoja akapata birika la bati lenye lebo nyekundu, akalibusu. Nusu Bei akamwona, akajua hasa anasikia nini, akamwonea wivu.

Simu ikalia tena. “Mama, foleni ya kituoni leo siyo ya mchezo. Tungetoka sasa hivi.”

“Dakika kumi.”

“Nije nikufuate huko?”

“Hapana, usimwache Dada peke yake. Nakuja.”

Ya tatu hakupokea. Iliita mpaka ikachoka. Dada wa kaunta akaacha kuandika, akasema kwa sauti ya chini, “Mama, lipa tu uende na kiti. Nitakupa risiti ya bei yote, wiki ijayo njoo uongee na msimamizi, labda atakurudishia.” Lilikuwa wazo zuri. Mtoto wa watu alikuwa amempa njia ya kutokea. Nusu Bei akamwangalia, akatikisa kichwa, akasema atasubiri kidogo.

Gari la duka likaingia uani. Msimamizi akashuka, mwanaume mnene mchangamfu, jasho linamtiririka, amekumbatia boksi la sahani. Alipoambiwa akaangua kicheko.

“Nusu Bei! Bomba limekuchezea shere! Haya, haya, mama yangu, wewe ni mteja wetu. Mkatie nusu.”

Binti akachukua kalamu. Akaikata ile bei. Akaandika.

Kile kitu kilikuja. Kidogo sana, kidogo kuliko siku ya chujio. Kiliinuka na hakikukaa, na kabla hajamaliza kupokea chenji hakikuwepo tena.

Akatoka akisukuma kiti kitupu barabarani, anakwenda mbio za mtu wa umri wake, mkoba umewekwa kwenye kiti kama abiria. Watu wakampisha. Njiani alitazama saa ya mlangoni mwa benki, akaona imeshapita sita na nusu. Akaendelea kukimbia, ingawa alikuwa ameshajua.

Dereva alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, funguo za gari mkononi. Hakusimama.

“Basi limeondoka, mama,” akasema. Alikuwa kijana mstaarabu, akasogea kiti kipite.

Ndani, dada yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni la bluu, viatu, mkoba mdogo mapajani. Poda ya usoni ilikuwa na mfereji mmoja wa chozi, upande wa kulia tu, upande unaofanya kazi.

“Kimepatikana?” akauliza.

“Kimepatikana.” Na kabla hajaung'ata ulimi, neno likamtoka lenyewe, na sauti yake ilikuwa na majivuno ya mtu aliyefanya kazi nzuri: “Tena nimekipata nusu bei.”

Nje dereva alisikika anajikohoza.

Akaitoa chenji mkobani, akaiweka kitandani, kando ya dada yake. Hakujua aiweke wapi pengine. Dada mtu hakuiangalia.

“Kilikuwepo tangu Jumatatu?”

“Tangu Jumatatu.”

“Kwa bei sawa na pesa aliyoituma mwanangu?”

“Pungufu kidogo.”

Mwalimu mkuu akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza jibu la mtoto na kulielewa kosa lilipo.

“Mwishoni nilikubali kubebwa, unajua,” akasema. “Nilimwita dereva, nikamwambia nibebe, mgongoni, vyovyote, waniangalie wakitaka. Akanibeba. Tukafika hapo mlangoni, simu ikalia, mwanangu ananiambia wamefunga milango ya basi. Akanirudisha hapa.” Akanyoosha gauni magotini. “Nimemwambia gari liliharibika njiani. Dereva amekubali tuseme hivyo. Na wewe akikupigia, useme hivyohivyo. Sitaki aende huko na hasira na mama yake mdogo.”

Nusu Bei akasimama pale. Alijua huu ndio wakati wa kuanguka chini, kushika miguu ya dada yake, kulia. Alijua kama anavyojua njia ya kwenda kazini. Akasubiri uchungu uje. Akasubiri kwa dhati kabisa, safari hii hakuwa na haraka ya kitu kingine. Haukuja. Alichokisikia ni mabega yanauma kwa kusukuma, na koo kavu.

“Nisamehe, Dada,” akasema, na maneno yalikuwa sahihi, lakini alisikia yanavyotoka makavu.

“Najua hulii,” dada yake akasema. “Siku nyingi najua. Nilidhani ni kwa mumeo tu.” Hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo lililokuwa baya.

Kisha akanyoosha mkono wake mzima.

“Niweke humo.”

Akamwinua, akamgeuza kama alivyozoea, akamkalisha. Kiti kilimwenea. Akamwekea mguu wa kushoto kwenye kikanyagio, akamwekea mkono wa kushoto mapajani. Alikaa wima, kichwa juu, vilevile alivyokuwa amesema atakaa.

“Nisukume.”

“Twende wapi?”

“Popote. Hakuna tena pa kuwahi.”

Nusu Bei akashika mipini. Akamsukuma dada yake kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, wakapita milango ya vyumba, wakafika ukutani. Akakigeuza kiti, wakarudi.